Pikipiki Kuukuu ya Makambako

Ndugu zetu wasomaji, tuna habari ya safari fupi, ya kilomita 60 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, nasi twapenda kuisimulia hapa, hasa kwa ajili ya vijana wetu ambao siku hizi hawaoti ndoto nyingine ila ya pikipiki.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Njombe humfanya mtu asitoe mkono katika koti ila kwa haja. Baada ya sala ya alasiri alitujia mtoto wa dada yetu, akaketi pembeni ya jamvi akingoja tuwaruhusu wanafunzi. Tulimjua kuwa ana jambo, maana si kawaida yake kungoja.

"Mjomba," akasema, "nimepata pikipiki Makambako. Si hizi za siku hizi. Ni Honda ya zamani, imeletwa kutoka Uingereza ndani ya kontena. Mwenyewe asema ni orijino, na mita yake inasoma elfu kumi na nane tu. Nataka tufuatane ukaitazame, maana wewe ndiye unayezijua."

Sisi si mafundi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya darasa la saba, basi. Walakini pikipiki ya namna hiyo, Honda CG125, tumekuwa nayo miaka 22, tukiipanda kwenda kusomesha watoto Uwemba na Lupembe, na mtu akikaa na kitu muda huo wote, akakifungua kwa mikono yake kando ya njia katika tope la masika, hukijua kama ajuavyo tabia za ng'ombe wake.

Yafaa tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Honda waliianza CG125 mwaka 1976, nao waliikusudia kwa nchi za watu kama sisi, ambao hupanda pikipiki kila siku, hupakia juu yake mtu na gunia, na hukumbuka kubadilisha oili siku injini inapolalamika. Kwa hiyo hawakutia mnyororo ndani ya injini wa kuendesha vali, bali walitia fimbo za chuma zisizotaka kukazwa kila mara. Na mnyororo wa nje wakaufunika wote ndani ya bati ili vumbi lisiule. Kazi yao ilikuwa njema kiasi ambacho viwanda vya China viliiga injini ile, na pikipiki nyingi za bodaboda tuzionazo leo ni wajukuu zake. Jambo hili la wajukuu, msomaji, ulitunze, maana tutalirudia.

Kijana wetu alikuwa na shilingi 1,900,000, fedha ya viazi vya misimu miwili. Mwuzaji alitaka 2,600,000. Zile 700,000 zilizopungua tuliahidi kumkopesha sisi, na njia ya kuzipata tulikuwa nayo. Tuliamua kuiuza pikipiki yetu, kwani magoti hayatuitikii tena kama zamani. Jirani yetu mmoja alikuwa amekwisha kutoa arubuni ya shilingi 100,000 katika bei ya 900,000. Jirani huyo si Mwislamu. Alikuja jioni moja, akazunguka pikipiki mara moja, akainama kutazama mita, akaona 31,000, akasema, "Mwalimu wa dini hawezi kunidanganya," akatoa fedha. Nasi tulifurahi kusikia maneno yale, maana Waislamu wa Njombe tu wachache, na sifa ya mmoja ni sifa ya wote.

Basi siku ya Jumamosi tulishika gari la abiria asubuhi. Anayeijua Makambako anajua kwamba ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia yapita hapo, barabara ya Songea yaanzia hapo, na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ina stesheni yake hapo. Kila kitu kipitacho nyanda za juu hutua Makambako kidogo, na baadhi ya vitu hutua bila kujulikana vilikotoka.

Mwuzaji, ambaye hatutamtaja, alitupokea kwa "kamwene" na kwa uso mkunjufu, akatupeleka nyuma ya duka lake. Ile pikipiki ilikuwa imesimama kwenye kivuli, imepakwa rangi nyekundu inayong'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu mbele ya tangi. Nyuma yake ilikuwa na bamba la namba la rangi ya njano lenye herufi nyeusi, bamba la Uingereza, ambalo mwenyewe aliliacha makusudi liwe ushahidi wa safari yake. Kijana wetu alisimama kama mtu aliyemwona bibi arusi.

Tulimwambia asiguse mfuko. Tukaomba kadi.

Mtu akitaka kujua asili ya pikipiki haanzi na rangi. Huanza na namba mbili. Moja imepigwa kwa muhuri wa chuma kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Ya pili imepigwa kwenye chuma cha chini cha injini. Zote mbili huandikwa katika kadi ya Mamlaka ya Mapato, na yapasa zisomwe tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole, kama mtoto asomavyo juzuu ya kwanza. Hatusemi kwamba namba ya fremu lazima ifanane na ya injini. Katika Honda hazifanani, na wengi hukataa pikipiki nzuri kwa kutojua hilo. Linalotakiwa ni kila moja ikubaliane na kadi, na tarakimu ziwe zimezama sawasawa, pasiwe na alama ya tupa wala ya kuchomelea wala rangi nene iliyopakwa pale peke yake. Tulikwangua tope kwa ukucha, tukasoma. Zilikubaliana. Mwaka wa kutengenezwa, 1982. Moyo wa kijana ukashuka mahali pake.

Tukaendelea. Kabureta ya Honda ile huwa na jina la Keihin limeandikwa ubavuni. Hii haikuwa na jina lolote. Tukatazama silinda, tukaiona nyeupe, mpya, na chuma chake si kile cha chini. Betri tukaikuta ya volti 12, na hali Honda hizo za Japani za miaka ile zilikuwa za volti 6. Hapo ndipo wale wajukuu walipojitokeza. Kwa kuwa injini za China zimeigwa kwake, vipuri vyao vingi huingia katika Honda ya zamani kama mguu katika kiatu cha ndugu, na katika Makambako vinauzwa kila duka.

"Si ndiyo bora, mjomba?" kijana akanong'ona. "Ni vipya."

Huenda ikawa ni bora. Sisi wenyewe tumewahi kutia silinda ya namna hiyo na ilitupeleka vizuri. Lakini kipuri kizuri hakiifanyi pikipiki kuwa ya asili, na bei iliyotajwa ilikuwa bei ya asili.

Sasa tuje katika mita, ambayo ndiyo kiini cha habari yetu. Vijana wengi wadhani kwamba mita huhesabu kazi ya injini. Sivyo. Mita huhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele tu, kwa njia ya waya unaozunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye ekseli mpaka kwenye usukani. Waya ukikatika, pikipiki inaweza kwenda Songea na kurudi na mita isijue. Ukibadilisha mita, pikipiki inazaliwa upya kwa umri wa mita. Ukibadilisha injini, mita haina habari. Tena mita nyingi za zamani zina tarakimu tano tu, zikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri, kama mzee aliyesahau miaka yake.

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba zile elfu kumi na nane hazikuwa kilomita. Pikipiki imetoka Uingereza, na Waingereza hupima njia zao kwa maili. Tulifunzwa shuleni kwamba maili 5 ni sawa na kilomita 8, basi tulipiga hesabu palepale juu ya tangi kwa kidole: 18,400 mara 8, gawa kwa 5, ni 29,440. Mwuzaji akacheka, akasema hakujua. Twamsadiki, hata kijana wetu, aliyesoma kuliko sisi, hakujua.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kioo cha mita ya namna ile hufungwa kwa ukingo wa bati uliokunjwa kiwandani, nao haufunguki ila kwa kukunjuliwa. Ukingo huu ulikuwa na vidonda vidogo vya bisibisi kuuzunguka wote. Na tarakimu ya kwanza haikukaa mstari mmoja na wenzake, imepanda juu kidogo.

Hapo tukaanza kuwauliza mashahidi wengine. Ndugu msomaji, tairi si shahidi, wala mnyororo, wala mipira ya kukanyagia, maana hivyo hubadilishwa, na mwenye kutaka kuficha ndivyo huanza kuvibadilisha. Mashahidi wa kweli ni vile vitu ambavyo hakuna anayefikiri kuvibadilisha. Mipira ya miguu ilikuwa mipya kabisa, lakini chuma cha breki ya mguu kilikuwa kimelika mistari yake hata kikawa laini kama kijiko. Tundu la msumari wa stendi lilikuwa limepanuka likawa yai. Tulipoishika gurudumu la nyuma na kuitikisa kulia na kushoto, uma wa nyuma ulicheza na kugonga. Ufunguo ulizunguka katika kufuli yake kama mtoto ndani ya kanzu ya babaye. Hizo si kazi za maili 18,000.

Tungali twashauriana, kijana alilipiga picha lile bamba la njano kwa simu yake. Huko Uingereza, pikipiki ikipita miaka mitatu hulazimika kukaguliwa kila mwaka, ingawa zilizopita miaka 40 sasa zaweza kusamehewa. Na mkaguzi huandika namba aliyoikuta katika mita. Kumbukumbu hizo, tangu mwaka 2005, serikali yao imeziweka wazi, na yeyote mwenye namba ya bamba aweza kuzisoma bila malipo hata akiwa Makambako. (Japani, zitokako nyingi za mitumba yetu, pikipiki ndogo zisizozidi sentimita za ujazo 250 hazipiti ukaguzi wa namna hiyo, basi usitarajie kuipata karatasi yake.) Kijana alibonyeza, akangoja mtandao, kisha akatupa simu tusome. Katika ukaguzi wa mwisho ulioandikwa, mita ilikuwa inasoma maili 36,000 na zaidi.

Tulikaa kimya. Pikipiki haiendi kinyumenyume.

Hatukutaka kumfedhehesha mtu mbele ya duka lake. Tulimwita kando, tukamwonyesha, na kwa kuwa ni ndugu katika dini tukamkumbusha habari anayoijua kila mwanafunzi wa fikihi. Zamani wenye ngamia na mbuzi walikuwa wakitaka kuuza mnyama humwacha siku kadhaa bila kumkama, kiwele kikajaa, mnunuzi akaona ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo, na aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa hiari baada ya kumkama: akipenda amshike, na akipenda amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Katika riwaya moja muda wa hiari hiyo ni siku tatu. Tukamwambia, "Ndugu yetu, mita hii ni kiwele kilichofungwa."

Akatusikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Shehe, mimi niliinunua Dar es Salaam hivyo hivyo. Sikuifungua mita, na Mungu ni shahidi. Aliyeifungua simjui. Mimi simwambii mtu kwamba imetembea kidogo. Mita inasema yenyewe. Mnunuzi asipouliza, nimwambie nini?"

Kijana wetu alimdakia mara moja kwamba yeye aliambiwa, tena katika simu, nao wakaanza kubishana. Sisi hatukuyasikia mabishano yao. Yale maneno, kwamba mita inasema yenyewe na mnunuzi asipouliza nimwambie nini, yalitujia kama mwangwi utokao katika korongo, mtu akajua kuwa sauti ni yake.

Maana pikipiki yetu, ndugu wasomaji, waya wake wa mita ulikatika mwaka 2009. Tulikaa miaka sita bila kuununua, kwa kuwa njia ya Lupembe tuliijua bila kuhesabiwa. Mwaka 2015 fundi mmoja alitutilia mita aliyoitoa katika pikipiki iliyogongwa, nayo ilikuwa inasoma 12,000 na kitu. Zile 31,000 alizoziona jirani yetu, sehemu ni za marehemu pikipiki ile, sehemu ni zetu, na miaka yetu sita pamoja na yote iliyotangulia haimo kabisa. Jioni ile alipoinama kutazama tulikuwa tumesimama karibu naye, mkono juu ya kiti. Tuliona macho yake yaliposoma. Tukanyamaza. Hatukusema uongo, tena tulijiambia hivyo usiku ule, kabla ya kulala, na mtu asiye na deni hajiambii mambo ya namna hiyo.

Mwuzaji alikubali kupunguza shilingi 400,000. Kijana alitutazama. Tulimwambia fedha ni yake na uamuzi ni wake, lakini asikate shauri akiwa amesimama mbele ya rangi nyekundu. Tukarudi. Njiani alizungumza sana juu ya udanganyifu wa watu wa mjini, na kila alipotutaka tuitikie tuliitazama miti ya mbao iliyopandwa kando ya barabara. Tulipokaribia Njombe tukamwambia habari ya waya wetu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na jirani anajua?"

Baada ya sala ya isha tulikwenda kwake. Tulimkuta anaota moto wa mkaa pamoja na watoto wake, akatupa kigoda. Yatupasa tukiri kwamba tulizungumza kwanza juu ya bei ya viazi, na juu ya baridi, na juu ya viazi tena. Kisha tukatoa ile arubuni, noti zilezile, tukaiweka juu ya goti lake, na tukamweleza: waya, miaka sita, mita ya pikipiki iliyogongwa. Tukamwambia kwamba hesabu ya kweli hatuijui hata sisi, ila kwamba ni nyingi kuliko 31,000 kwa mbali sana. Na kwamba ana siku tatu, akitaka fedha yake ndiyo hiyo, akitaka pikipiki aje kesho mchana na fundi amchague mwenyewe, aifungue popote atakapo.

Hakukasirika, na hilo lilitutia haya zaidi. Aliuliza tu, "Mwalimu, mbona siku ile hukusema?"

Tulimjibu kweli, kwamba tulihitaji zile 900,000.

Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu, jua limekwisha kupanda, alikuja na fundi wake, kijana mwenye mikono ya oili na maneno machache. Walikuwa nayo saa mbili nzima. Walitoa kifuniko cha mnyororo, wakatazama meno ya gia ya nyuma. Wakaipiga kiki ikiwa baridi, wakatazama moshi. Wakaipanda mpaka Kibena na kurudi. Fundi akasema injini ina miaka mingine ndani yake, ila pistoni inataka ringi mpya, na uma wa nyuma utengenezwe. Jirani akataja 750,000. Tukapokea.

Kijana wetu alikuwapo, naye hadi siku hiyo hakuwa amenunua kitu. Yule wa Makambako alimpigia simu mara mbili, kila mara kwa bei ya chini zaidi, naye akamwomba jambo moja tu: aandike kwa mkono wake namba iliyokuwa katika mita huko Uingereza, kisha wazungumze. Simu ya tatu haijaja.

Kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu, tulimpa karatasi aandike hati ya mauziano. Akaandika majina, namba ya fremu, namba ya injini, na bei. Alipofika penye kilomita akainua kalamu, akatutazama sisi, kisha jirani. Jirani akasema, "Andika kama ilivyo." Akaandika: "Mita inasoma 31,206. Kilomita ilizotembea hazijulikani." Akaisoma kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, tukatia sahihi sote, na jirani akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati.